Siku Themanini na Nane

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Faili tu, kuanzia kwa mlinzi wa getini mpaka kwa mkurugenzi. Hata mumewe akipiga simu ofisini alikuwa akisema, "Nipeni Mama Faili wangu," kisha anacheka peke yake.

Miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza mafaili ya wafanyakazi wa kiwanda cha ndoo na mabeseni, katika chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya rangi na choo cha wageni. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta. Kulikuwa na makabati mawili ya chuma yaliyobonyea ubavuni, meza, na kiti chenye mguu mfupi uliotegemezwa kwa kipande cha plastiki ya kijani. Joto la mashine lilipenya ukutani, na ikifika saa saba mchana ukigusa kabati unaondoa mkono haraka.

Kupitia mafaili hayo aliwajua watu kuliko walivyodhani. Alijua nani alijiongezea umri ili aajiriwe, nani ana watoto wawili nyumbani na watano kwenye fomu, nani ameomba ruhusa ya kumzika bibi yuleyule mara tatu. Hakumchongea mtu. Fundi mmoja wa kalibu za kuumbia ndoo alipokuja na maombi ya mazishi ya tatu, Mama Faili aligonga muhuri, akamrudishia karatasi na kumwambia, "Safari hii mzikeni vizuri huyu bibi, asifufuke tena." Kiwanda kizima kilicheka wiki nzima.

Kwa hiyo watu walimwamini. Karatasi ikitoka mkononi mwake walisaini na kurudi kazini.

Miongoni mwa watu arobaini na watatu wa kiwanda hicho, mmoja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, waliyepishana miaka tisa. Mama yao alifariki huyo mdogo akiwa darasa la pili, na Mama Faili ndiye aliyemlea. Tangu utotoni walimwita Cheche kwa jinsi alivyorukia kila jambo. Mama Faili ndiye aliyemtafutia kazi kwenye meza ya kukwangua, ambako wanawake sita walisimama kutwa na visu vifupi wakiondoa mabaki ya plastiki kwenye kingo za mabeseni. Mashine zilikuwa na kelele za kuziba masikio, lakini Cheche akicheka ulimsikia mpaka getini. Alikuwa na binti mmoja anayesoma sekondari, na baba wa binti huyo hakujulikana alikoishia.

Enzi hizo mtu akiugua pale kiwandani, boksi la karatasi lilipitishwa meza kwa meza, kila mtu akatumbukiza alichonacho. Boksi likijaa unapona, lisipojaa unamwachia Mungu. Ndiyo maana sheria ya bima ya afya ilipopitishwa na kusomwa redioni saa ya chakula, watu waliacha vijiko hewani. Kila mwajiri alitakiwa kuwaandikisha wafanyakazi wake wote kwenye mfuko wa serikali. Mchango ungegawanywa nusu kwa nusu kati yake na wao. Mtu akichangia siku tisini mfululizo, kadi inafunguka: yeye, mwenza wake na watoto wake wanatibiwa.

"Sasa ndiyo nitajua hiki kifua kina nini," alisema Babu Joto, mzee wa mashine ya kuyeyushia, ambaye alikuwa amevuta moshi wa plastiki tangu wenzake wakiwa na meno ya maziwa. Akakohoa, watu wakampigia makofi kana kwamba kukohoa kwenyewe kumekuwa hotuba.

Mama Faili alifanya kazi ile kwa moyo mkunjufu. Aliwapanga watu mstari mbele ya ukuta mweupe wa stoo, akawapiga picha mmoja mmoja, akanakili vitambulisho, akaandika majina ya watoto. Cheche alipofika mbele ya kamera alikataa kununa.

"Wamesema usicheke," Mama Faili alimwambia.

"Dada, nikiwa mgonjwa nitanuna vya kutosha. Piga!"

Fomu zote arobaini na tatu zilikuwa tayari Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mama Faili aliitwa kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi huyo walimwita Mrithi, ingawa si mbele yake. Alikuwa mtoto wa mzee aliyekianzisha kiwanda, mtu mpole, mwenye kupata haya haraka, na picha kubwa ya baba yake ilining'inia nyuma ya kiti chake. Mhasibu alikuwepo. Alikuwepo pia mwanamume mgeni, mwenye viatu vilivyong'aa mpaka taa ya dari ilionekana ndani yake. Huyo alitambulishwa kama wakala wa ajira.

"Kaa, Mama," alisema Mrithi. "Hii sheria mpya tumeipigia hesabu. Hatuiwezi."

Wakala ndiye aliyeeleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyeshaeleza jambo hilohilo mahali pengi. Sheria inamtambua mfanyakazi wa mkataba wa siku tisini na kuendelea. Aliye chini ya hapo ni kibarua, na kibarua si lazima aandikishwe. Basi watu wote wa mashine na wa meza waache kuwa watu wa kiwanda, wawe watu wa wakala. Wapewe mkataba wa siku themanini na nane. Ukiisha wapumzike siku kumi, kisha wapewe mwingine.

"Kisheria hakuna kosa lolote," alimalizia.

"Wapo waliokaa hapa miaka ishirini," alisema Mama Faili.

"Na wataendelea kuwepo," Mrithi alidakia. "Mashine zilezile, mshahara uleule. Mama, sikiliza. Kiwanda cha mifuko hapo mbele wamefanya hivi mwezi uliopita. Cha sabuni wamefanya. Mimi nikijifanya mwema peke yangu, ndoo yangu itapanda bei, sokoni wataipita. Halafu hao watu nitawalipa nini?"

"Na kadi?"

Mhasibu alisukuma karatasi mbele ya Mama Faili. Ilikuwa orodha ya watu saba ambao wangebaki wa kudumu na kuandikishwa: Mrithi mwenyewe, mhasibu, msimamizi wa mauzo, fundi mkuu, madereva wawili. Jina lake lilikuwa la tano.

Aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Na mdogo wangu je? Wa meza ya kukwangua."

Mrithi alijikuna shingo. "Nafasi ni saba, Mama. Ukitaka aingie, lazima atoke mtu." Akaitazama orodha, akamtazama yeye. Hakumtazama kwa ubaya. "Nani atoke?"

Nyumbani Mama Faili alikuwa na mume aliyekuwa mchora mabango, hodari wa herufi kubwa zilizoonekana kutoka mbali, mpaka sukari ilipomla macho, kisha vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alidungwa sindano asubuhi na jioni. Chupa za dawa zilikaa kwenye mlango wa jokofu, na kila chupa ikikaribia kwisha Mama Faili alianza kuota ndoto mbaya. Kadi ingemaliza yote hayo.

Swali la Mrithi lilikaa pale mezani. Mama Faili alisikia mashine zikinguruma chini, na katikati ya ngurumo, kama kawaida, akasikia kicheko cha mdogo wake. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi tuendelee," alisema Mrithi.

Jumatatu iliyofuata watu walipangwa tena mstari kwenye ukuta uleule wa stoo. Wakala alileta mikataba, lakini aliyekaa mezani na kuigawa alikuwa Mama Faili. Mrithi alikuwa amemwomba hivyo. "Wakikuona wewe hawatakuwa na wasiwasi," alimwambia, na alisema kweli.

Babu Joto aliishika karatasi mbali na macho. "Kwa nini juu hapa pana jina la kampuni nisiyoijua?"

"Ni mambo ya ofisi tu, Babu. Kazi yako ni ileile."

"Na kadi zetu?"

"Zitafuata," alisema Mama Faili.

Alilisema neno hilo mara thelathini na tano siku hiyo. Cheche hakuuliza hata hilo. Alikuja na kisu chake bado mkononi, akainama, akasaini.

"Hata husomi?" Mama Faili alimuuliza, na moyoni alitaka sana asome.

"Umeandika wewe, nisome nini?" Cheche akarudi kazini.

Fomu arobaini na tatu zenye picha zilibaki kwenye kabati, droo ya chini. Saba zilitolewa na kupelekwa. Nyingine zilikaa humo humo, na Mama Faili akapata tabia ya kutofungua droo hiyo.

Siku themanini na nane zilipita. Watu walienda mapumziko ya siku kumi wakiwa hawana mshahara, na wakati huohuo wengine waliitwa kimyakimya kuja kumaliza oda, wakalipwa mkononi. Kisha wakasaini tena. Kisha tena. Waliouliza habari za kadi waliambiwa mtandao wa serikali ni mzito. Baada ya mwaka hata kuuliza kuliisha. "Kadi yangu iko njiani inakuja kwa miguu," Babu Joto alikuwa akisema, na boksi la karatasi likaanza tena kupita meza kwa meza.

Mume wa Mama Faili, kwa upande wake, alinawiri. Alipimwa macho, akapewa dawa nzuri, jeraha la mguuni likafunga. "Hawa watu wa kiwandani kwenu wana utu," alimwambia mkewe siku moja akijipaka mafuta kwenye kovu. Mama Faili alijibu kwamba maji ya kuoga yatapoa.

Ndipo siku moja Cheche alikuja kwenye chumba cha mafaili saa ya chakula, akafunga mlango kwa mgongo wake. Hakucheka.

"Dada, hebu nishike hapa."

Aliuchukua mkono wa dada yake na kuuweka ubavuni mwa ziwa la kulia, juu ya blauzi. Kilikuwa kitu kigumu, kikubwa kama kokwa ya tende, kisichosogea.

"Tangu lini?"

"Kitambo. Nilikuwa nangoja kadi."

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa ya serikali. Kwenye dirisha la bima, karani alimwomba Cheche kitambulisho, akabofya namba, akangoja, akabofya tena.

"Haisomi," alisema.

"Jaribu tena, mwanangu," alisema Mama Faili, ingawa alijua.

"Nimejaribu mara tatu, mama. Hayupo kabisa. Mwajiri wake hakumwandikisha."

Cheche alimgeukia dada yake. "Si ulinipiga picha?"

"Nilikupiga."

"Si nilisaini?"

"Ulisaini."

"Sasa nilisaini nini?"

Watu waliokuwa nyuma yao kwenye foleni waliangalia pembeni. Mama Faili alimshika mkono akamwambia atamweleza, kwanza waende kwa daktari. Siku hiyo walilipa taslimu kwa hela ambayo Cheche alikuwa amemwekea mwenye nyumba. Kilikatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara, na majibu yalichukua majuma matatu. Daktari aliyewasomea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema ni saratani, na kwamba hapo ilipo bado inashikika. "Lakini msikae nayo," alisema. "Hii si ya kungoja mwisho wa mwezi." Akaandika gharama ya upasuaji na ya dawa za baadaye. Cheche aliikunja ile karatasi mara nne bila kuisoma.

Mama Faili alipanda ngazi za ofisi ya Mrithi bila kuitwa. Alisema yote kwa pumzi moja, na mwisho akasema, "Lile swali uliloniuliza. Nitoke mimi. Aingie yeye."

Mrithi alisimama. Uso ulikuwa umemshuka, na Mama Faili aliona kwamba ameumia kwelikweli, jambo ambalo halikumsaidia kitu.

"Mama, orodha imeshapelekwa. Nikibadilisha sasa nitakuwa nimewaita wakaguzi waje kuuliza huyu alikuwa wapi siku zote." Alifungua droo, akatoa bahasha. "Hii ni yangu mimi, si ya kampuni. Chukua."

Aliichukua. Ililipa vipimo vya picha na siku mbili za kulazwa, basi.

Jioni hiyo alimweleza mumewe, tangu siku ya orodha. Mzee yule alikuwa amekaa kitandani, mguu mbovu juu ya mto. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipomaliza akapapasa ukingo wa shuka.

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema Mama Faili.

"Usiniambie hivyo," alisema mumewe. "Niambie lolote, lakini hilo usiniambie. Sikukutuma. Mwaka mzima umenidunga sindano, kumbe ulikuwa unanidunga na hiyo." Akageukia ukutani. Baadaye kidogo, bado akiwa amempa mgongo, alisema, "Ulishamwambia mwenyewe?"

Hakuwa amemwambia. Alikwenda Jumapili mchana. Cheche aliishi chumba kimoja na binti yake, uani, chumba cha mwisho karibu na bomba. Binti alikuwa nje akifua sare. Cheche alikuwa amelala chini kwenye mkeka kwa sababu sakafu ilikuwa ya baridi, na baridi ilimpa nafuu.

Mama Faili alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, moja ya zile za kiwandani zenye kasoro ambazo wafanyakazi waliuziwa kwa bei ya chini. Alimweleza mdogo wake kuhusu watu saba. Alimweleza swali. Alimweleza kwamba alinyamaza.

Cheche alitazama dari. Mara akacheka, kicheko kifupi kilichokatika kama uzi.

"Ningekuwa mimi ningenyamaza pia," alisema. "Shemeji ni mgonjwa. Ningenyamaza, Mungu anajua. Lakini, dada, mimi nisingekuja na kalamu."

Mama Faili alilia. Cheche hakumkataza na hakumbembeleza. Binti aliingia kuchukua sabuni, akawaona, akatoka.

Jumatatu asubuhi Mama Faili aliwahi kazini kuliko mlinzi wa mchana. Alifungua makabati. Alitoa mafaili thelathini na sita, ile mikataba yote ya siku themanini na nane iliyofuatana kama punje za muhindi, na daftari la mahudhurio ambamo watu waliotakiwa kuwa mapumzikoni walikuwa wameandikwa kuingia saa moja na kutoka saa kumi na mbili. Kisha alifungua droo ya chini akatoa na zile fomu zenye picha. Ilimbidi apange vyote kwenye mifuko miwili ya sandarusi. Mlinzi wa usiku alimsaidia kubeba mpaka barabarani, akidhani anapeleka karatasi mbovu kutupwa.

Kwenye ofisi ya mfuko wa bima alipokewa na afisa aliyekuwa na mafua, leso mkononi. Alipekua faili moja, la pili, la tano. Kisha akaacha kupekua.

"Wewe ni wa nne mwezi huu, mama," alisema. "Wa sabuni walikuja wiki iliyopita. Ila wao walikuja na maneno tu. Wewe umeleta ofisi nzima."

"Mdogo wangu anahitaji upasuaji sasa hivi. Itachukua muda gani?"

Afisa alipenga kamasi. "Tutapeleka wakaguzi. Tukithibitisha, mwajiri ataamriwa awaandikishe wote na alipe faini. Kisha zile siku tisini zinaanza kuhesabiwa."

"Zinaanza?"

"Zinaanza siku mchango wa kwanza unapoingia. Samahani, mama. Ndivyo sheria ilivyo. Waliogopa watu wajiandikishe wakiwa tayari wagonjwa."

Mama Faili aliwaza kumwambia kwamba mdogo wake hakuwa mgonjwa siku ile ya picha. Badala yake aliuliza asaini wapi.

Wakaguzi walifika baada ya wiki sita. Walikuwa wawili, na walimaliza kwa siku moja, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye mifuko. Mrithi hakubisha. Alilipa faini, akawaandikisha wote, na kwa siku chache Babu Joto alitembea na kadi yake mfukoni akimwonyesha kila mtu, ingawa ilikuwa haijafunguka. Mama Faili alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo kwa kosa la kutoa nyaraka za kampuni bila idhini. Barua yake ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, maana aliyezoea kuandika barua za namna hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Kadi ya mumewe ilifungwa mwisho wa mwezi.

Kadi zilipofunguka, watu hawakukaa nazo sana. Mrithi alikopa, akaleta mashine mpya ambayo hukata kingo za mabeseni yenyewe, na meza ya kukwangua ikavunjwa ikawa rafu za stoo. Watu kumi na wanne walipunguzwa, kwa utaratibu na kwa malipo halali, safari hii kila karatasi ikiwa safi. Wanawake watano wa ile meza walikuwemo. Babu Joto alikuwemo. Cheche hakuguswa, kwa kuwa alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa na sheria ilimkinga.

Siku zile tisini za kungoja, Cheche, dada yake na binti walizihesabu kwenye kalenda ya duka la vipuri iliyotundikwa chumbani kwa Cheche. Binti ndiye aliyekuwa akikata kila siku kwa kalamu ya wino mwekundu. Kilichokuwa kama kokwa ya tende kilikua, kikapasua ngozi. Mkono wa kulia ulivimba mpaka blauzi zote zikachanwa mikono. Mama Faili alihamia pale mchana, akampikia, akamwogesha, akafua vitambaa, kisha akarudi kwa mumewe kumdunga sindano, siku ambazo dawa ilikuwepo. Wakiwa pamoja waliongea habari za majirani, za masomo ya binti, za mama yao. Habari za kiwanda hawakuzigusa tena. Mara moja moja Cheche alimtania kwamba amekuwa mwepesi tangu aache kula joto la mashine, naye akajibu utani, na ikawa karibu kama zamani, lakini haikuwa.

Kadi ilifunguka siku ya tisini na moja asubuhi. Cheche alipasuliwa wiki hiyohiyo, na hospitali haikumdai kitu. Daktari yule mwenye sauti ya chini alimwita Mama Faili kwenye korido akamwambia kwamba wameondoa walichoweza, lakini kimeshashuka kwenye ini.

Aliishi miezi saba. Dawa za maumivu alizipata zote, vidonge vilivyo bora, na nesi alimtembelea nyumbani kila Jumatano, kwa kadi. "Kwa hiyo ndivyo matajiri wanavyokufa," alimwambia nesi, na nesi hakujua acheke au asicheke. Alifariki Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha, binti akiwa shuleni kwenye mtihani. Mama Faili alisubiri mtihani uishe ndipo akaenda kumchukua.

Mrithi alikuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya watu kuanza kusalimiana.

Binti alihamia kwa mama yake mkubwa. Ni mtoto mtulivu, mwenye heshima. Humwamkia asubuhi, humsomea baba yake mkubwa habari za magazeti kwa kuwa macho yamezima kabisa, huosha vyombo bila kuambiwa. Lakini kila karatasi inayotoka shuleni ya kusainiwa na mlezi huipeleka kwa baba mkubwa. Humshikia mkono, humwonyesha mahali pa kuweka kalamu, na yule kipofu huandika jina lake kwa herufi kubwa za mabango, zikipanda na kushuka. Mama Faili huwa jikoni wakati huo. Hajawahi kuuliza kwa nini.

Siku hizi anaandika barua na kujaza fomu za watu kwenye kibanda cha kutolea nakala, na dawa ya mumewe anaifuata kwenye zahanati inayoitoa bure, mara mbili kwa mwezi, ikiwepo. Foleni huanza alfajiri na kupinda mpaka nyuma ya jengo. Hapo ndipo alipokutana na Babu Joto, amekaa kwenye benchi la saruji, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Alimtazama muda. "Hata wewe uko huku?"

"Niko huku."

Walikaa. Foleni ilisogea watu wawili. Babu Joto alisema kwamba kadi yake ilifunguka na akaitumia siku kumi na moja tu kabla ya kupunguzwa. Walimpiga picha ya kifua. Walimwambia alichonacho. Matibabu yalipangwa wiki iliyofuata.

"Nalala nikifikiria habari zako," alisema. "Sijui nikushukuru au nikutukane. Ulitupigania na ukatuponza. Vyote viwili. Nimejaribu kuvitenganisha nimeshindwa."

"Ungenitukana, Babu, ningeona nafuu."

"Ndiyo maana sitaki," alisema mzee.

Nesi alitoka mlangoni na orodha, akasoma namba. Ilikuwa ya Babu Joto. Alijaribu kunyanyuka, akashindwa, Mama Faili akamshika kwapani akamwinua. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Alimfikisha mlangoni, akarudi kukaa, na alipofika kwenye benchi mtu mwingine alikuwa ameshachukua nafasi yake, basi akasimama.